Kahawa kitandani, mwenye nyumba mkekani

Jua limechomoza kijijini Mpuguso, Rungwe, na Tusekile Mwakalinga hana muda wa kusalimiana na mtu. Anatoka ndani mbio, ungo wa kahawa kiunoni, anamwaga kwenye kichanja cha uani, anatandaza kwa viganja na kurudi kuchukua mwingine.

"Shika huo ungo, mwanangu. Maswali baadaye," anamwambia mwandishi wa habari hizi. Mwandishi anashika ungo.

Hawajamaliza kutandaza, Mlima Rungwe umeshajifunika. Kwingine dalili ya mvua ni mawingu. Hapa mawingu na manyunyu hufika pamoja, yameshikana mikono. Kahawa yote inarudi ndani.

Ni Julai 1998, wakati wa kuvuna na kuanika. Wenyeji wa Tukuyu hawajawahi kujisifu kwa jua, maana hata kiangazi chao kina manyunyu. Ila mwaka huu mvua za Elinino zimekuja na kukaa, na mkia wake bado umelala juu ya mashamba.

"Mvua tunaipenda, ndiyo inatupa ndizi na chai," anasema Tusekile. "Lakini kahawa ukishaimenya na kuiosha, haitaki maji tena. Inataka jua. Sasa jua utalikopa kwa nani?"

Miti ya kahawa hiyo ilipandwa na marehemu mumewe, Yona. Alipofariki, kwa desturi ya Wanyakyusa, usimamizi wa shamba ulihamia kwa mdogo wake, Jairo. Jairo si mtu mbaya. Mzigo wake ni watoto wengi wanaotaka kula. Anaona malori yakibeba ndizi kila wiki, anaona kahawa ikioza, anapiga hesabu.

"Nilimwambia shemeji, msimu huu ndio wa mwisho," anasema Jairo. "Kahawa ikikataliwa tena, nang'oa miti, napanda migomba."

Neno "tena" ndilo linalomkosesha Tusekile usingizi. Mwaka jana manyunyu yalimbana vilevile, naye akafanya kama mama yake alivyomfundisha: akaipandisha kahawa kwenye uchaga, ile dari ya fito iliyo juu ya mafiga. Huko ndiko mbegu za mahindi hukaa, na maharage, na kila kitu ambacho mwanamke wa Rungwe hataki kiliwe na wadudu. Moto ukiwaka chini, vya juu vinakauka.

Kahawa ilikauka vizuri kabisa. Tusekile akaipeleka kwa mnunuzi kwa maringo.

Mnunuzi ni Kenneth, kijana aliyetumwa na kampuni binafsi, mmoja wa hao waliofurika vijijini tangu biashara ya kahawa ilipofunguliwa. Alichota konzi moja, akainusa, akairudisha guniani.

"Mama, hii imelala jikoni," alisema.

Magunia yote mawili yalirudi nyumbani. Tusekile hafichi kwamba alilia njiani.

"Nilidhani naitunza," anasema. "Miaka yote tulikuwa tunaipeleka chama cha ushirika, inachanganywa na ya wenzetu, hakuna aliyekuja kuniambia ya kwangu inanuka moshi. Kumbe ilikuwa inanuka, mwe!"

Mwaka huu ameamua jambo ambalo limewapa majirani la kusema. Amezima moto nyumbani kwake. Nyumba ni moja, jiko na chumba cha kulala vinatenganishwa na ukuta usiofika juu, na moshi hauombi ruhusa. Kwa hiyo kahawa inalala kitandani, imetandazwa juu ya mkeka mpya, na yeye analala sakafuni, kwenye mkeka wa zamani. Anaigeuza kabla ya kusali na baada ya kusali.

Chakula anapika kwa jirani yake, Felista, ambaye wanagawana naye kuni na mafiga.

"Siku za kwanza watu walikuja kunipa pole," anasimulia Felista akicheka. "Wanasema pafukapo moshi pana moto. Sasa kwa mwenzangu hapafuki, wakajua anaumwa! Nikawaambia mgonjwa ni kahawa, ndiyo iliyolala kitandani."

Kicheko hicho kinaficha mengi. Baridi ya Julai hapa haina huruma, na nyumba isiyo na moto ni baridi mara mbili. Juma lililopita jua halikuonekana kabisa, kahawa ikaanza kutoa harufu ya uchachu. Tusekile anakiri kwamba alichukua kiberiti, akakaa nacho mbele ya mafiga, akakirudisha mfukoni.

"Nikisubiri, itaota ukungu. Nikiwasha, itanuka moshi. Nikamwambia Kyala, Mungu wangu, basi chagua wewe."

Mchana huu Kenneth amepita kukagua kahawa za kijiji. Jairo amekuja naye. Kenneth anapiga goti kando ya kitanda, anachota konzi, ananusa. Ananusa tena. Kisha anatia punje moja mdomoni na kuiuma.

"Moshi hamna," anasema.

Tusekile anajishika kifua.

"Ila bado mbichi, mama. Ikipata siku mbili za jua kamili, naichukua yote. Nikija Jumatatu iko hivi, siwezi."

Jairo anaitazama kahawa, anautazama mkeka wa shemeji yake sakafuni.

"Shemeji, umelala hapo tangu lini?" anauliza. Tusekile anainama kuigeuza kahawa. "Haya. Mti utakaong'olewa kwanza ni ule mparachichi wa nyuma, si wa kahawa. Hapo tutajenga jiko la pembeni. Lakini Jumatatu ndiyo itakayosema."

"Ndaga fijo," Tusekile anamshukuru.

Jiko la pembeni ndiyo ndoto yake: moto uwe na nyumba yake, kahawa iwe na yake, na yeye arudi kitandani. Anamsindikiza mwandishi hadi barabarani, mkono juu ya macho, akiutafuta mlima ndani ya wingu.

"Nasikia huko kwenu Dar es Salaam jua ni jingi mpaka mnalilalamikia," anasema. "Ukifika, waambie wenzako wasilitukane. Huku kuna mtu anaomba la siku mbili tu."