Kiatu Kimoja Mlangoni kwa Mama Paulina

Jumamosi, 8 Mei 1999. Mvua tangu alfajiri, ukungu umeshuka mpaka barabarani, Karatu yote ni tope jekundu.

Leo nimeaibika mbele ya watu wote wa mnadani, na naandika sasa hivi kabla sijaanza kujitetea.

Wiki nzima nimekuwa nikisaidia kutangaza mkutano wa mama mmoja Mmakonde wa ng'ambo ya Ruvuma, anayezunguka akiomba mabomu yanayotegwa ardhini yapigwe marufuku. Kila nyumba itoe kiatu kimoja kikuukuu, virundikwe uwanjani, vipigwe picha, picha iende kwa wakubwa. Watu hawakuwa na haraka ("Sisi bomu tunalijua wapi, Baba Safari? Shida yetu tembo kwenye mahindi," aliniambia jirani yangu Qamara, na kwa haki hakusema uongo), basi nikaona nirahisishe, nikatangaza kwamba mtu asihangaike, aache kiatu mlangoni kwake, nitapita na gunia. Hapo ndipo nilipojimaliza.

Asubuhi gunia lilikuwa jepesi, nikaanza kumwonea haya mgeni kabla sijamwona, nikafika kwa Mama Paulina, na pale mlangoni viatu vya waliomo ndani vimepangwa viwili viwili, maana kwa tope hili nani ataingia navyo, na pembeni kimoja peke yake, cheusi, cha kamba, kimepigwa rangi kinang'aa. Nikafurahi, nikasema Mama Paulina ana moyo, nikakitia guniani bila hata kupiga hodi. (Kwamba mgeni anakunywa chai mle ndani nilijua. Habari ya mguu wake huenda niliambiwa nikawa sisikilizi. Siwezi kumlaumu mtu.)

Mnadani watu walikuwa wengi, ingawa wengi walikuja kuuza mbuzi zao tu. Mgeni akawa anachelewa, sikujua kwa nini, nikapewa kipaza sauti niwachangamshe. Nikamwaga gunia, rundo halikufika hata magotini, nikakinyanyua kile cheusi.

"Tazameni kiatu cha kutoa. Huyu hakuleta takataka. Ila cha pili sijui amekiacha cha nini, labda anamvalisha kuku."

Watu wakacheka, nami nikacheka nao, kisha nikaona nacheka peke yangu. Gari lilikuwa limefika. Akateremka mama mfupi mwenye magongo, mguu mmoja, na kwenye mguu huo lapa la kijani la baba Paulina, limefungwa kwa kitambaa lisichomoke. Nyuma yake Mama Paulina mwenyewe.

"Baba Safari," akasema, "tumempiga mbwa wa watu bure, tukidhani ndiye aliyebeba hicho kiatu."

Mkono huu kipaza sauti, mkono huu kiatu, sikuweza kushusha hata kimoja. Mama yule akaja polepole kwenye tope, watu wakimpisha, akasimama mbele yangu.

"Hicho changu, kaka," akasema kwa sauti ya kawaida, na kipaza sauti kikaisambaza. "Cha pili kilibaki shambani kwetu, kwenye mihogo, na mguu ndani yake. Vita ilikuwa imeshakwisha. Nilikuwa nalima."

Nilitaka kuomba radhi, nikajisikia nasema, "Karibu Karatu." Nikamnyooshea kiatu, hakukipokea.

"Kiweke juu ya rundo. Nitakivaa wakishapiga picha."

Nikakiweka juu kabisa, mvua ikidondoka kwenye maturubai. Mfugaji mmoja wa Ngorongoro, kamba ya mbuzi mkononi, akasogea.

"Yeyo, mama yangu, na ardhi ya malisho nayo inategwa?"

"Inategwa, baba."

Akavua katambuga lake la tairi, moja, akaliweka juu ya rundo, akaondoka na mbuzi wake, mguu mmoja mtupu kwenye tope. Baada yake akaja Qamara na buti la shamba, kisha watu wakawa wanainama tu, mmoja baada ya mwingine, rundo likanipita kifua, na mimi nilikuwa nimetangaza wiki nzima.

Picha ilipopigwa nikapiga magoti nimvalishe. Akaniwekea mkono kichwani ili asianguke.

"Funga vizuri, kaka. Nina hiki tu."

Nimerudi nyumbani na kiatu kimoja mguuni, cha pili nimekiacha kwenye rundo. Mlangoni kwa mtu sigusi kitu tena bila hodi, hata ufagio.

Jioni tumekula makande na maziwa ya mgando. Nusu ya sahani yangu nimempelekea yule mbwa.