Gitaa Lililofuata Sauti ya Nyanya

Wewe unayenijua unajua mimi si mtu wa kukaa. Nimeishi Nakuru, nimeishi Voi, sasa niko Kitale, na kila ninakofika nafika na mfuko mmoja. Lakini juzi nilipita nyuma ya karakana ya seremala hapa, mvua imetoka kunyesha, na harufu ya saiprasi iliyopigwa randa ikanishika nikasimama. Papo hapo nikawa msichana wa darasa la tatu tena, jikoni kwa nyanya yangu upande wa Nyaramba, kule Kisii, macho yakiniwasha kwa moshi, nikitazama darini ambako mbao mbili za saiprasi zilikuwa zimelala pamoja na mahindi ya mbegu.

Mbao hizo zilikuwa za mjomba wangu, kitinda mimba wa nyanya. Alikuwa amemsaidia seremala wa sokoni kutengeneza mabenchi mapya ya kanisa letu la Sabato, na kazi ilipokwisha akaomba apewe mabaki. Watu walidhani anataka kutengeneza kigoda. Mjomba alitaka kutengeneza gitaa la umeme.

Ni lazima nikukumbushe miaka ile ya sabini ilivyokuwa. Kwetu hapakuwa na waya wa umeme hata mmoja. Jirani yetu, mama mnene ambaye kicheko chake kilisikika ng'ambo ya mto, alikuja kuomba moto akaelezwa mbao zile ni za nini. Akaweka chini kigae chake cha kubebea makaa ili acheke vizuri.

"Umeme tunaoujua hapa ni ule unaopasua miti," alisema. "Ukifanikiwa kuuingiza ndani ya gitaa, mwanangu, tuambie mapema tuhame."

Mjomba alicheka naye, lakini hakuwa anacheza. Kulikuwa na bendi Kisii mjini iliyotaka mpiga gitaa mmoja zaidi, na ilimtaka mtu mwenye gitaa lake mwenyewe. Akiipata nafasi hiyo, angekuwa anarudi nyumbani kila mwanzo wa wiki. Akiikosa, kaka yake mkubwa alikuwa ameshamtafutia kazi ya kuchuma chai Kericho, na waliokwenda Kericho tuliwaona Desemba tu, wakiwa wamekonda na wamejaa heshima za kigeni. Mimi nililala na kuamka na jambo hilo. Mjomba ndiye aliyenimenyea miwa, ndiye aliyenibeba mabegani njia ya shule ilipogeuka tope. Nyanya hakuipenda bendi hata kidogo, ila Kericho aliichukia zaidi.

Kwa hiyo alisogeza mahindi yake ya mbegu darini kuzipisha mbao. Mbao mbichi hujipinda, na mvua ya kwetu haijui kunyamaza, lakini moshi wa jikoni huzikausha mbao polepole bila kuzipasua. Ndivyo ilivyokaushwa mipini ya majembe tangu zamani. Kila asubuhi, kabla ya kukoroga uji, nyanya alipanda kwenye kigoda akazigeuza mbao zile, akazigonga kwa kifundo cha kidole na kutega sikio. "Bado zina maji," alisema, na mjomba akaenda kuchuma chai yetu kidogo kana kwamba hakuuliza. Siku aliposema zimekauka, zilishuka zikiwa na rangi ya chai ya rangi, na harufu ya moshi haikutoka ndani yake kamwe.

Alichora umbo kwa mkaa, akakata kwa msumeno wa kuazima. Nyuzi zilitoka katika waya wa breki za baiskeli. Mimi ndiye niliyeusokotoa waya ule, uzi mmoja mmoja, nikajichoma vidole na kujiona fundi. Sumaku na waya mwembamba wa shaba, vya kuinasa sauti ya nyuzi, vilitoka kwenye dainamo ya baiskeli iliyokufa. Kile kidaraja kinachozishika nyuzi kule kichwani alikichonga kwa jiwe la sabuni, laini na la waridi, kwa sababu hakuwa na mfupa.

Zikabaki ngazi. Ndivyo alivyoviita vile vyuma vidogo vinavyolala shingoni mwa gitaa, ambavyo kidole kikibana nyuma yake uzi hubadilisha sauti. Vyuma alikuwa navyo, vipande vya spoki. Shida ilikuwa kujua kila kimoja kikae wapi. Hakuwa na gitaa la kupimia. Basi akapimia sauti iliyokuwa nyumbani.

Nyanya alisaga wimbi kwa jiwe, alasiri, akiimba nyimbo za kusagia ambazo kanisani hazikuimbwa. Mjomba alikaa kando yake, gitaa mapajani, akiisogeza spoki chini ya uzi mpaka uzi useme alichosema nyanya, kisha akatia alama kwa kisu.

"Mama, rudia hapo."

"Nirudie vipi? Wimbo ukipita umepita. Ngoja uzunguke."

Tukangoja. Jiwe lilikwenda na kurudi, unga ukamiminika kwenye ungo, wimbo ukazunguka, na mjomba akaukamata pale pale alipouacha. Ngazi moja ilichukua alasiri nzima. Nyanya alilalamika kwamba anasagishwa wimbi la kijiji kizima, lakini niligundua amekuwa akianza kusaga mapema zaidi.

Siku ya kulijaribu tulikwenda kwa mwalimu wa shule yetu, ambaye redio yake kubwa ya betri ilikuwa na mahali pa kuchomeka waya wa santuri. Mjomba alichomeka waya wa gitaa hapo, akagusa uzi, na sauti ikatoka upande wa pili wa chumba, mbali na mkono wake. Jirani yetu alipiga yowe. Nyanya alifunika mdomo kwa khanga. Kisha, taratibu, akaitoa ile khanga na kuanza kuimba. Gitaa na yeye wakaenda pamoja kama miguu ya mtu mmoja. Hapakuwa na mwanya kati yao. Mwalimu, mtu asiyependa kelele, alizima taa yake ya kusahihishia akasikiliza.

Jumapili tukaenda mjini, mimi na mjomba, gitaa ndani ya gunia na ndizi juu yake ili wazee wa kanisa wasiulize. Bendi ilifanya mazoezi katika chumba cha nyuma cha hoteli moja. Kiongozi wake alikuwa mtu wa upande wa ziwa, mrefu, mwenye kofia aliyoisukuma kisogoni. Mjomba alipopiga peke yake walitikisa vichwa kwa kupendezwa. Walipoingia wote, nilitamani kuziba masikio. Ilikuwa kama majirani wawili wanaogombana uani. Wakafunga nyuzi upya, wakaanza tena, mambo yakawa yale yale. Yule kiongozi alilichukua gitaa akalijaribu ngazi kwa ngazi, taratibu, akitabasamu.

"Omera, ndugu yangu, gitaa yako ni tamu sana," alisema. "Lakini inajua Kikisii peke yake."

Wakacheka, mjomba naye akacheka kwa sababu afanye nini. Kisha yule mtu akamwekea mkono begani. "Hizi chuma hazikai mahali zetu zinakaa. Ng'oa zote, ziba mahali zilikuwa, uje Jumapili ingine. Tutaziweka kufuata yangu. Nafasi nakuwekea."

Tukarudi nyumbani. Kesho yake alikaa uani na koleo mkononi, asing'oe kitu. Mwishowe akasema, si kwetu hasa, "Afadhali Kericho."

Nyanya alitoka jikoni, mikono imejaa unga. "Afadhali nini?"

"Mama, hii ni sauti yako."

"Sauti yangu ninayo. Nilikuazima wewe nikabaki bubu?" Akaketi mbele yake, akalibana gitaa kati ya magoti kama anayemnyoa mtoto. "Ng'oa, nikiwa nimelishika."

Akang'oa. Kila ngazi ilitoka na kilio chake kidogo. Mimi nilizikusanya kwenye pindo la gauni. Vile vidonda alivijaza unga wa mbao na gundi, akavisugua hata usingeweza kuvihisi kwa kidole.

Ngazi mpya zikawekwa mjini, na nafasi aliipata. Kericho hakwenda. Kila Jumatatu alikuja na mkate na sukari, na gitaa sasa lilijua kila kitu kilichopigwa redioni. Alasiri moja alimkuta nyanya akisaga, akaketi pale pale pa zamani na kumfuatisha. Nyanya aliimba mstari mmoja, sauti yake na gitaa zikaachana. Katika mstari wa pili nikamsikia akiipinda sauti yake kidogo, akiisogeza kwenda lilipo gitaa, ili mwanawe asiaibike. Kisha akacheka, akanituma maji.

Miaka haikuwa mingi, mashine ya kusaga ikafika sokoni, na lile jiwe likawa la kukanyagia mlangoni. Nyanya amekwenda. Mjomba naye amekwenda, na gitaa nasikia lilibaki kwa mwenzake wa bendi aliyehamia sijui wapi. Nyumba zile zina umeme siku hizi, na hakuna anayeuchekea.

Maneno ya wimbo wa kusagia ninayo yote. Nayaimba nikiosha vyombo, nikifunga mfuko. Ila kuna mahali katikati ambapo sauti inatakiwa kupanda kidogo tu, chini ya pale sikio linapotarajia, na nikifika hapo sauti yangu inateleza, inakwenda kukaa pale redio inapokaa. Najua si hapo. Nasikia kabisa kwamba si hapo. Nasimama, narudia tangu mwanzo, na pale penyewe sipapati.