Mtu Aitwaye Alaafia

Nikisikia harufu ya mawese yakichemka narudi Mtoni, kwenye nyumba tuliyopanga pamoja na Mama Idrisa. Alikuwa Myoruba kutoka Nigeria, mke wa dereva wa malori ambaye kila siku yuko safarini. Kiswahili chake kilikuwa cha kuokoteza, na sie watoto tulimwigiza mpaka mama akatuchapa.

Nilikuwa na miaka minane mchana ule Idrisa, mwanawe wa pekee, alipokakamaa kwa degedege. Wakubwa wengine wote wa nyumbani walikuwa kazini. "Ita mtu!" Mama Idrisa alinipigia kelele, kisha akamkumbatia mwanawe akilia, "Alaafia! Alaafia!"

Mie nikaunganisha: mtu wa kuitwa ni Alaafia.

Jamani, nilikimbia! Nilibisha hodi nyumba hadi nyumba. "Shikamoo, hapa anakaa Alaafia?" Wengine walicheka. Mmoja akanielekeza kwa Afia, muuza vitumbua, nikamkosa. Kandambili ilikatika, nikaiacha hukohuko. Nikawa nauliza huku nalia, na kwenye kila mlango nilimwona Idrisa akifa mikononi mwa mama yake.

Mwishowe nikaingia dukani kwa Bi Salha, Mwarabu wa mtaani kwetu. Nilipomweleza, uso ulimbadilika.

"Mwanangu, huyo si mtu! Hiyo ni afya. Anamwombea mtoto afya!"

Aliacha duka wazi, akasimamisha bajaji. Tulimfikisha Idrisa hospitali akiwa hai bado. Kesho yake akafariki.

Msibani nilijificha nyuma ya mama. Mama Idrisa akaniona, akanivuta mkekani, akanishika mashavu kwa mikono miwili. "Se alaafia ni?" akasema, akinikazia macho mekundu. Niliamini ananishtaki kwa kuchelewa. Nikachomoka, na sikumsogelea tena mpaka walipohama.

Nilikuwa chuoni nilipopata ujasiri wa kumuuliza mwenzangu mmoja, Myoruba, kuhusu alaafia. Akaniambia neno hilo asili yake ni la Waarabu, al-afiya, hilohilo lililotupa sie afya. Kwao lilivuka jangwa, likapita kwa Wahausa, likafika limebeba na maana ya amani.

"Na 'se alaafia ni'?"

"Hiyo ni salamu tu. Alikuwa anakuuliza, u mzima?"

Mama aliyetoka kumzika mwanawe alinijulia hali, na mie nikamkimbia bila kumjibu.