Chaga za Mwaloni

Kitanda cha kampi hakina chaga, zile fito za mbao za kubeba godoro. Kina fremu ya chuma na wavu wa waya, na wavu huo ukishalaliwa na watu wawili watatu kabla yako unageuka bembea: kiuno chini, kichwa na miguu juu. Jirani yangu wa kitanda cha chini, fundi seremala kutoka Kenya, alilala kwenye bembea hiyo akiwa na mgongo mbovu. Aliuumiza akishusha mlango kutoka kwenye lori, mlango wa hoteli moja ya West Bay, mtaa wa kitajiri wa mji huu wa ugenini tulikokuja kazini. Alimwomba msimamizi wa kampi kipande cha plaiwudi cha kuweka chini ya godoro. Akaambiwa asubiri. Akaomba tena. Akaulizwa mbona wenzake hawalalamiki.

Naanza na mgongo kwa makusudi. Wengi waliosimulia habari hii baadaye waliianzia katikati, kwenye neno wizi, na anayeanzia hapo haelewi kitu.

Tulifanya kazi karakana moja, hapo hapo Industrial Area ilipo kampi. Yeye alikuwa upande wa mashine na mabenchi, mimi upande wa msasa na vanishi. Mbao zetu nyingi zilikuwa za mwaloni. Ofisini waliziita oki. Jina la mwaloni nililipata kwa Jirani, aliyelisikia utotoni kanisani, katika habari za Ibrahimu na mialoni yake. Mti wenyewe hakuwahi kuuona, wala mimi sijauona mpaka leo. Sisi tuliupokea ukiwa umeshapasuliwa, umefungwa kwa mikanda, umetoka nchi za baridi.

"Kumbe ni mzito hivi?" alisema siku ya kwanza, akiinua ncha ya ubao. "Ibrahimu alikuwa na kivuli cha maana."

Ni mti mgumu na una uchungu. Ukipita kwenye msumeno unanuka kama siki. Ukiushika kwa mikono yenye jasho kisha ukashika chuma, vidole vinaota madoa meusi ambayo sabuni haiyatoi; hivyo ndivyo tulivyojuana kwenye foleni ya chakula, watu wa mwaloni. Tuliufanya milango, sakafu za nyumba za kitajiri, ngazi, meza za mikutano ambazo hatukuwahi kuona nani anazikalia. Mara moja yaliletwa mapipa ya zamani ya mwaloni, tuyakate nusu yawe vyungu vya maua kwenye baraza ya hoteli. Yalikuwa yamehifadhi pombe miaka mingi, na harufu ilikuwa bado imo ndani ya mbao. Nikayapiga msasa nimejifunga kitambaa puani.

"Ustadhi, pole pole," Jirani aliniita kutoka benchini. "Utashindwa kutembea mpaka kwa basi."

"Mimi nanusa tu."

"Hata mjomba wangu alianza na kunusa."

Vipande vilivyobaki viliingia kwenye magunia. Gari la mgahawa mmoja wa West Bay, ule unaoivisha nyama kwa moshi wa mwaloni, lilikuja kuyachukua. Kwa hiyo nilijua, na kila mtu karakanani alijua, mwisho wa vipande vile ni nini: moto.

Sasa, nilikojifunza kazi mimi, Keko ya kwetu Bongo, na alikojifunza yeye, Gikomba ya kwao Kenya, desturi ni moja. Mteja ananunua mbao, anachukua kabati lake. Vipande ni vya fundi. Haviombwi. Mteja anayerudi kudai vipande anachekwa mtaa mzima. Kutokana na vipande fundi anaunda vigoda, vibao vya kukatia mboga, kitanda cha mtoto wake. Jirani alisema kitu cha kwanza alichowahi kumpa mama yake kilitoka kwenye vipande. Hakuna aliyetuambia kwamba desturi hii haikupanda ndege pamoja nasi.

Jirani akachagua fito zilizokataliwa, zenye fundo au zilizopinda kidogo. Akazipiga randa saa ya mapumziko ya mchana, wengine tukiwa tumelala chini ya mabenchi. Akatoboa kila moja matundu mawili kila upande, azifunge kwenye fremu kwa kamba, maana mwaloni na chuma havielewani. Nilimuuliza kama nimpakie vanishi. Akakataa: chumba hakina hewa, atalala na harufu. Kisha akazifunga mzigo mmoja, akapanda nazo basi la kampuni mchana kweupe.

"Buda, umebeba nini, jeneza?" mtu wa nyuma alipiga kelele.

"Nimebeba mgongo mpya!"

Basi zima likacheka. Mlinzi wa geti la kampi alimshikia mlango. Huyo ndiye mwizi wao: mtu aliyeshikiwa mlango na mlinzi.

Asubuhi yake aligonga wavu wangu kutoka chini.

"Bongo."

"Naam."

"Leo nimelala kama gavana."

Na ilikuwa kweli. Nilimwona akiinama kufunga viatu bila kushika ukuta. Aliahidi kunitengenezea na mimi, akasema nisubiri vipande vinavyofaa, asije akaniwekea fundo chini ya figo.

Chaga hazikupata muda wa kuzoea uzito wake. Kampi ilikuwa inatarajia wageni wa kuja kukagua jinsi wafanyakazi wanavyoishi, kwa hiyo msimamizi wa karakana, maana kampi na karakana ni za kampuni moja, akaja kwanza, kuhakikisha wataona mazuri. Mashuka yalikuwa mapya, na hata choo kilikuwa na taa. Akainua kona ya godoro la Jirani kutazama kunguni, akakutana na mwaloni uliopigwa randa vizuri kuliko meza yake ya ofisi.

"Nani ameleta hizi?"

Hapa ndipo Jirani alipojiponza, kwa namna ambayo fundi wa kwetu tu ndiye angejiponza. Hakusema sijui. Hakusema nilizikuta. Alijibu kama mtu anayesifiwa.

"Mimi, bosi. Nimezitengeneza mwenyewe." Akaanza hata kueleza kwa nini ametumia kamba badala ya waya.

Tuliitwa ofisini wote wawili, yeye kwa kosa, mimi kwa kulala juu yake. Msimamizi alikuwa ameziegemeza chaga ukutani. Alisema mwaloni ni mali ya mteja mpaka vumbi lake. Alisema kukubali kosa kumerahisisha mambo: mkataba umekwisha, atarudishwa kwao, na sababu itakuwa wizi.

Jirani alikuwa na mpango mmoja tu, nami niliujua kama ninavyojua vidole vyangu: amalize mkataba, arudi mjini kwao, afungue karakana yake mbele ya watu wanaomfahamu. Karakana ya fundi inasimama kwa jina. Watu humwachia ufunguo wa nyumba wakaenda zao kazini.

"Nirudishe, bosi, sawa," alisema. "Lakini usiseme nimeiba. Sema mgongo. Mgongo ni ukweli."

"Imeshaandikwa."

Damu ilinipanda. Mezani kwa mtu huyu sikuwa na cha kuonyesha, lakini nilikuwa na cha kuuliza. Kabla ya sikukuu alikuwa amekuja mwenyewe benchini kwa Jirani kuomba ubao wa kukatia nyama, wa mkewe, na Jirani aliuunda kwa vipande vya gunia lile lile. Mimi ndiye niliyeupaka mafuta ya nazi.

"Na ule ubao ulioko jikoni kwako?" nikamuuliza.

"Ile ilikuwa zawadi."

"Nani alikupa? Mteja?"

Alinitazama kama anayepima mlango utapita au hautapita. "Unataka kumfuata?"

"Nyamaza, Bongo," Jirani akasema kwa Kiswahili, bila kunigeukia. "Watatupakia ndege moja, na wewe unaongea sana. Sitalala."

Kesho yake, kabla ya mabasi kuondoka, tulipangwa mistari uwanjani na chaga zikainuliwa juu tuzione, kama nyoka aliyeuawa. Msimamizi aliitaja kampuni kwa heshima na Jirani kwa neno moja. Aliyemshikia mlango siku ile alikuwa amesimama pale pale getini, anatazama viatu vyake. Simlaumu. Nawalaumu waliokuwa na plaiwudi stoo, maana ilikuwepo. Niliiona kwa macho yangu imeegemea ukuta nyuma ya matangi ya maji, inaoza kwa unyevu wa viyoyozi. Wageni wakaja, wakapiga picha mashuka, wakaondoka.

Jirani alipofika kwao alinitumia ujumbe wa sauti. Kwa nyuma kuku walikuwa wanalia. "Wanauliza mbona nimerudi mapema. Nimewaambia mgongo. Wameniamini." Akacheka kidogo. "Lakini kuna msee kutoka kampi ni wa hapa kwetu. Atakuja likizo." Kuku wakalia tena. "Sijaanza kutafuta chumba cha karakana, Bongo. Nangoja kwanza huyo jamaa aje, nijue ameongea nini."

Huyo ni mtu mwenye mikono ile, amekaa kwao anamngoja mtu wa likizo kama anayengoja hukumu.

Baada ya hapo nilitumwa West Bay kurekebisha vanishi ya mlango uliokwaruzwa na mikokoteni ya mizigo. Mlango wa mgahawa ule ule wa moshi, ndani ya hoteli. Tanuri limewekwa wazi, wateja walione, na pembeni yake kuna kapu kubwa la kuni, safi kama pambo. Nilikuwa nimepiga magoti na brashi yangu nilipoziona. Fito zilizopigwa randa, matundu mawili kila upande. Nyingine zilikuwa zimeshakatwa vipande. Moja ilikuwa bado nzima, na kamba ikiwa imebaki tunduni.

Mpishi aliona ninavyotazama. "Kuni nzuri hizi," alisema. "Moshi wake mtamu."

Nilimaliza mlango, nikaosha brashi, nikaichukua ile fito nzima kutoka kapuni. Nikapita nayo ukumbi mzima wa hoteli, kwapani, juu ya marumaru, mbele ya walinzi wawili. Hakuna aliyeniuliza. Nikapanda nayo basi, nikashuka nayo getini. Mlinzi aliitazama, akaitambua, akanishikia mlango.

Iko chini ya godoro langu, nimeifunga kwa kamba yake mwenyewe. Chaga moja haizuii wavu kulegea. Inanichoma mbavu kila nikigeuka, na asubuhi naamka na mstari mwekundu ubavuni. Msimamizi akija kuinua godoro, nitamwambia nimeileta mimi.

Siitoi.