Picha ya Bibi Yangu Kwenye Ordinatere

Ordinatere yangu, kompyuta ya mezani, niliiunga mwenyewe hapa Ngezi, nikajisifu mutaa muzima. Kwenye ekra, kile kioo chake, niliweka picha ya bibi yangu siku ya ndoa yetu. Lakini Windows niliyoingiza ilikuwa ya kuiba. Siku ilipogundua kama haikulipiwa, ilifuta picha, ekra ikabaki nyeusi tii.

Bibi akalia ati nimepata mwingine. Akaita baba yake.

Kati ya muzinzi na mwizi, nikachagua mwizi: “Papa, si mimi nilimufuta. Windows ya kuiba, isiyo na lisansi, ndiyo inafanya vile.”

Muzee akaniangalia.

“Na ile ordinatere uliniuzia, ukaapa iko na lisansi? Picha ya mama mukwe wako ilipotea juzi. Alikasirika, mupaka leo yeye iko Saio kwa dada yake!”