Shangwe ya Bibi

Juzi hapa Baraka binti yangu alirudi kutoka shule na swali la mwalimu: neno shangwe maana yake nini? Nikajibu haraka kwamba ni furaha kubwa. Akaandika, akaridhika. Mimi sikuridhika, rafiki yangu, maana nilijua nimempunja.

Nilikulia Lubondja, kijiji cha eneo la Fizi, kwa bibi mzaa baba, niliyemwita Koko. Tulichuma sombe, majani ya muhogo, pamoja, na alipokuwa akitwanga mdomo wake haukupumzika. Alisema neno hilo lilizaliwa na kungoja: wakati wa kukimbia vita wanawake walikaa kando ya njia wakiwatazamia watu wao, na aliyetokea akiwa hai alipokelewa kwa kelele zisizokuwa bado na jina. "Furaha, muntu anaweza kuisikia peke yake," alisema. "Shangwe inaomba bantu." Kama aliyatunga mwenyewe, sijui. Kwenye kamusi sijayakuta hayo.

Nikiwa darasa la sita ikafika siku ya proklamasyo, matokeo yanaposomwa mbele ya wazazi wote. Kwetu, jina la aliyefaulu likitajwa, watu wake humkimbilia na kummwagia poda kichwani. Mimi nilipata asilimia hamsini na moja, karibu na mkia kabisa. Bibi hakujali mkia. Alipiga vigelegele uwanja mzima ukageuka, akaja mbio, kitenge kinamvuka, poda mkononi, kana kwamba nimekuwa wa kwanza Fizi nzima. Wenzangu wakaangua kicheko. Nikausukuma mkono wake.

"Koko, nyamaza basi! Unanipatisha haya."

Akanyamaza. Poda ilimwagikia miguuni pake. Jioni akanipikia ndagala, dagaa wetu wa ziwani, kwa mawese kama kawaida, wala sikumwomba msamaha. Wanasema majuto ni mjukuu. Mjukuu mwenyewe ndiye mimi.

Miaka ilipita, nikapata diploma. Majirani walijaa uani, wakaimba, wakanipaka poda hadi kope. Bibi alikuwa amekaa mlangoni, mikono mapajani. Nikapiga magoti mbele yake, nikiingoja sauti yake. Akanishika shavu.

"Niko na furaha sana, mutoto yangu. Usiogope, sitakupatisha haya."

Nilitaka kumwambia, "Koko, piga vigelegele," nikaona haya mbele ya watu kwa mara ya pili. Alikufa mvua zilipoanza, na tangu hapo hakuna aliyenishangilia kama siku ile uwanjani, bila kuuliza kwanza nimekuwa wa ngapi.