Yai la Toleo la Tisa

Saa yako ikikushinda, mpelekee Fundi Polepole, ila usimpelekee kama una haraka. Jina hilo hakujipa mwenyewe. Alipewa na wateja waliochoka kuambiwa wapitie kesho kutwa, naye akalipokea bila kinyongo, maana ni kweli. Kibanda chake kina upana wa hatua mbili, kimebanwa kati ya fundi cherehani na mtoa fotokopi, na meza yake ya kazi iko chini ya dirisha lisilo na kioo, ili jua la asubuhi limsaidie macho. Ana miaka hamsini na tisa na kibano kimoja anachokipenda kuliko vyote.

Mtu huyu ana ugonjwa mmoja, na mgonjwa mwenzake ni Mama Dawa, mfamasia wa duka la ng'ambo ya barabara. Ugonjwa wenyewe ni vikokotoo. Si hivi vya kujumlishia bei ya nyanya, la hasha. Wanavitaka vile vikubwa vyenye kioo cha kuchorea grafu, tena vya majaribio tu, vilivyotengenezwa vitatu au vinne halafu kiwanda kikaghairi. Wakikipata kimoja hukifungua, huinyofoa chipu yake, kisha huisoma na kuinakili programu iliyomo, ili chuma kikioza, kazi ya aliyeiandika isioze nacho. Faida yake nini? Wameulizwa mpaka waulizaji wamechoka. Jirani yao anafuga njiwa asiowala, mbona yeye haulizwi?

Jambo moja lieleweke mapema. Chipu hizo za zamani zina kidirisha kidogo cha kioo mgongoni, na jua likipenya humo linafuta kilichoandikwa, leo kidogo na kesho kidogo. Ndiyo maana hubandikwa stika juu yake. Katika kundi lao la simu, mgeni akituma picha ya chipu isiyo na stika, anayemkaripia kabla ya wote ni Fundi Polepole. Usilisahau hilo, tutalirudia.

Dada yake mkubwa alikuwa mhandisi, na kwa miaka miwili aliandika programu ya kikokotoo cha namna hiyo katika karakana moja ambayo leo haipo. Shida yake ilikuwa duara. Ukikiambia kikokotoo kichore duara, kilichora yai. Alirekebisha, akaandika toleo la pili, la tatu, la sita, yai likabaki kuwa yai. Wakati huo walikaa nyumba moja, na kila dada mtu akirudi jioni, mdogo wake humwuliza mlangoni, "Dada, leo umetaga?" Naye humrushia kandambili. Toleo la tisa alilitangaza mezani kwamba ndilo lenyewe. Kesho yake alirudi, akaulizwa swali lile lile, akapita kichwa chini bila kurusha kitu. Wiki haikuisha karakana ikafungwa, na yeye akaondoka na kikokotoo kimoja kwenye mkoba. Miaka mitatu baadaye aliugua na kufariki, akiacha binti wa miaka miwili.

Binti huyo sasa ni muuguzi, na siku moja alipokuwa anahama nyumba alikikuta kikokotoo ndani ya sanduku la nguo. Akamletea mjomba wake kibandani. Betri zilikuwa zimevuja na kuula ubao wa ndani, hakiwaki ng'o. Alikaa kwenye stuli ya wateja, akakipakata.

"Mjomba, picha za mama ninazo," alisema. "Kazi yake sijawahi kuiona hata siku moja. Kiwashe nikione, hata mara moja tu."

Mjomba akaahidi. Angefanyaje? Nakala nyingine ya programu ile haikuwepo popote duniani, na kama chipu ile ingekufa, ahadi nayo ingekufa pamoja nayo.

Alikifungua siku ile ile. Chipu aliikuta, na mgongoni stika, na juu ya stika mwandiko wa dada yake kwa kalamu ya bluu: *La tisa. Hili sasa.* Ule mwandiko ulikuwa umelala kidogo, wa mtu mwenye haraka. Alikuwa hajauona kwa zaidi ya miaka ishirini, na machozi yalimtoka pale pale mchana kweupe, mteja akadhani ni moshi wa lehemu. Basi akafanya jambo ambalo angemkaripia mtu yeyote kwa kulifanya. Alichemsha maji, akaipitisha chipu juu ya mvuke, akaibandua stika taratibu isichanike, akaitia ndani ya daftari lake. Alikusudia kuweka utepe mweusi dakika hiyo hiyo. Ikaja saa ya bwana harusi ya kutengenezwa, ikaja mikanda ya saa ya kukatwa, na chipu ikabaki mezani, kidirisha juu, jua linaiangalia.

Asubuhi nne! Ya tano ndiyo aliyofunua daftari kuandika namba ya mteja, akaiona stika. Akaifunika chipu kwa utepe, akaketi, na saa zote za kibandani zikaendelea kugonga kana kwamba hakuna lililotokea.

Majuto ni mjukuu. Alimpelekea Mama Dawa chipu bila kumtajia habari ya jua. Chumba cha nyuma cha duka lile kina rafu za maboksi, mizani ya zamani na meza yenye kisomeo cha chipu kilichounganishwa na kompyuta. Kanuni yao ni kusoma mara tatu na kulinganisha. Majibu yakifanana, wamepona. Walisoma mara tatu, na kila mara mashine ikaleta jibu tofauti. Mama Dawa akavua miwani na kusema ni uzee, chipu imechoka, na kwamba labda waiache ipumzike waangalie tena mwezi ujao. Fundi akaitikia. Alifika mpaka mlangoni, akashika kitasa. Mficha uchi hazai, akajiambia, akageuka.

"Si uzee, mama. Niliibandua stika nikaiacha juani siku nne. Nilitaka mwandiko wake."

Fundi alingoja kusutwa, na alistahili.

"Wagonjwa wangu ndio hivyo hivyo," mama akasema. "Mtu anakuambia kichwa kinauma, hakuambii alichokunywa jana. Keti. Kama ni jua, dawa yake naijua."

Akamweleza kwamba jua halikufuta, lilififisha tu. Kwa umeme wa kawaida wa volti tano, kilichofifia kinasomeka kama hakipo. Ukiupunguza umeme, huenda kikaonekana tena. Shida ni kujua upunguze kiasi gani, na hilo hakuna kitabu kinachokuambia. Kwa hiyo wakaanza. Alasiri tatu walikaa pale, duka likisubiri wateja wa dawa za kikohozi, wakishusha umeme punje kwa punje na kusoma. Fundi alikuwa akiandika kila jibu daftarini, kwa mkono, kwa upolepole wake uleule uliowachosha wateja. Alasiri ya tatu, kwenye volti nne nukta moja, majibu matatu yakafanana. Wakasoma mara ya nne, yakafanana. Mama Dawa akaenda kuchemsha chai.

Hata hivyo Fundi hakulala vizuri. Majibu kufanana si sawa na majibu kuwa ya kweli. Hata waongo watatu wanaweza kupatana. Programu ya dada yake haina nakala nyingine, ungeilinganisha na nini? Alisafisha ubao wa kikokotoo, akaunga nyaya zilizoliwa, akachomeka chipu mpya yenye nakala. Kisha akampigia mpwa wake.

Alikuja akitoka zamu, bado na sare zake. Wakasimama watatu kwenye meza ya chumba cha nyuma. Fundi akabonyeza kitufe. Kioo kikawaka kijivu, mistari miwili ikajichora, mmoja wa kusimama na mmoja wa kulala. Binti akashika mdomo. Fundi akamwambia aandike duara, akamwonyesha vitufe, naye akaandika kwa kidole kimoja.

Vidoti vikaanza kujipanga. Vikapanda, vikazunguka, vikashuka, vikakutana. Halikuwa duara; lilikuwa refu, limechongoka upande mmoja.

Mama Dawa akashusha pumzi. Akaweka mkono begani kwa Fundi, akasema pole, kumbe kuna kilichopotea, lakini wasikate tamaa, yeye anaweza kukaa na hesabu na kulinyoosha likawa duara.

"Usiliguse," Fundi alisema.

Akavuta kiti akaketi. Alicheka, na wakati anacheka machozi yakamteremka mpaka kidevuni, asiyafute. Binti aliinama, akamwuliza kuna nini, mjomba. Fundi alisogeza uso karibu na kioo, kama anavyoinamia saa ndogo ya kike.

"Dada," akasema polepole, "leo umetaga."